Roketi Yenye Kompyuta Ndani: Dalili, Vyanzo na Tiba kwa Warushaji wa Nakuru na Kisumu

Roketi ikianguka vibaya, usiwashe chochote. Programu nyingi za kompyuta ya roketi hufungua faili jipya kila zinapopata umeme, na nyingine huandika juu ya faili la zamani. Ukibonyeza swichi ili uone kama bado inafanya kazi, huenda ukafuta ushahidi pekee ulionao. Isitoshe, baruti ya kufungulia parachuti ambayo haikulipuka angani bado iko hai ndani ya mrija. Vaa miwani ya kukinga macho, ifikie roketi kwa ubavuni, usisimame mbele ya pua wala nyuma ya mapezi, kisha kata umeme wa njia za baruti kabla ya kugusa kingine. Halafu piga picha: pini zipi za kufunga vipande vya mrija zimekatika, waya upi umechomoka, masizi yamefika wapi. Masizi hueleza mengi. Kumbukumbu isomwe mwisho, viwashio vikiwa vimechomolewa, kwa programu yenye hali ya kusoma tu pale waya wa USB unapochomekwa.

Maelezo haya yanahusu roketi ya namna moja: mrija wa kipenyo cha ndani cha milimita 75, uzito wa kilo 2 hadi 3 ikiwa tayari kuruka, injini ya kiwandani ya daraja la H au I (H huanzia pale newtoni-sekunde 160 zinapopita), bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu), kihisi cha shinikizo la hewa MS5611 au BMP280, kihisi cha mwendo, GPS na redio. Hufungua parachuti mara mbili: ndogo kileleni, kuu ikibaki mita 150 au 200 kufika chini. Injini ya kuchanganya mwenyewe haimo humu; mbali na hatari ya kupoteza vidole, inaongeza chanzo cha hitilafu ambacho huwezi kukipima.

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, hutangulia yote. Kisumu kuna uwanja wa ndege wa kimataifa kando ya ziwa, na Nakuru kuna kambi ya kijeshi ya Lanet upande mmoja na hifadhi ya Ziwa Nakuru upande mwingine. Baruti nayo iko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Umbali wa watu kutoka relini, yaani kwenye reli ya kurushia, kwa kanuni za usalama za warushaji wa Marekani ambazo wengi duniani huzifuata, ni mita 30 kwa injini za H hadi J, na mita 60 kwa K.

Kompyuta inasema iko angani ilhali roketi iko relini

Unawasha, na badala ya mlio wa kusubiri unasikia mlio wa kushuka. Ukisoma kimo, kinaonyesha mita 1,850 ukiwa Nakuru, au 1,130 hivi ukiwa Kisumu. Chanzo karibu kila mara ni programu iliyonakiliwa kutoka kwa mtu anayeishi karibu na bahari. Mifano ya intaneti huweka 1013.25 hPa (hektopaskali) kuwa shinikizo la ardhini. Nakuru mjini shinikizo la kweli ni hPa 810 hadi 820, na Kisumu ni 885 hivi. Mstari unaosema "kimo kikizidi mita 100, roketi imeruka" unatimia roketi ikiwa bado mezani. Na njia za baruti zikiwa hai wakati huo, mtu anaumia.

Tiba: roketi ikiwa wima relini, chukua vipimo 100 vya shinikizo, pata wastani, uuite P0, kisha kokotoa kimo = 44330 × (1 − (P/P0)^0.1903), P ikiwa shinikizo la sasa. Endelea kusasisha P0 kwa wastani wa sekunde 10 zilizopita hadi roketi iondoke. Inapoondoka, tumia P0 iliyohifadhiwa sekunde 2 nyuma, ili vipimo vya mwanzo wa kupanda visiingie kwenye wastani.

Usiweke P0 asubuhi ukaiacha hadi jioni. Huku kwetu karibu na Ikweta shinikizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku hata mbingu ikiwa shwari: hufika juu mnamo saa nne asubuhi na hushuka hadi mnamo saa kumi alasiri, tofauti ikiwa takriban hPa 3. Nakuru, hPa 1 ni sawa na mita 10.5 hivi za kimo. Kwa hiyo sifuri ya asubuhi inakuwa imepotea kwa mita 30 alasiri, na parachuti kuu uliyoipangia mita 150 inafunguka kwenye 120. Tofauti hiyo yatosha kuinyima parachuti nafasi ya kujaa.

Kugundua kuondoka kuhitaji mashahidi wawili: mwendo unaozidi 3 g (g moja ni mvuto wa dunia) kwa sekunde 0.3 mfululizo, pamoja na kimo kinachozidi mita 20. Kihisi cha mwendo peke yake hudanganywa na bodaboda inayobeba roketi kwenye barabara ya mashimo. Kihisi cha shinikizo peke yake hudanganywa na vimbunga vya vumbi, navyo ni vya kawaida bondeni Nakuru miezi ya kiangazi.

Hapo hapo kagua grafu ya mwendo. Ikiwa inapanda kisha inakuwa bapa kabisa kwenye 19.6, yaani 2 g, huo si mwendo wa kweli wa roketi. Kihisi cha mwendo cha MPU6050 huanza kazi ikiwa imewekewa kikomo cha ±2 g, na usipoiamuru kwenda ±16 g itakuonyesha ukuta huo kila mara. Roketi ya kilo 2.2 yenye injini ya newtoni 220 kwa wastani inasukumwa kwa 10 g, na mwanzoni mwa mwako inaweza kupita 16. Ukitaka rekodi kamili, weka kihisi cha g nyingi kama ADXL375, kinachofika ±200 g.

Altimita mbili, vimo viwili tofauti

Usiharakishe kutupa altimita (kipima kimo) yoyote. Kanuni iliyo hapo juu hudhani hewa ya ardhini ina nyuzi 15. Siku ya nyuzi 25 Nakuru, kimo cha kweli huzidi kilichoandikwa kwa asilimia 3 hivi. Altimita inayotoa vimo viwili vilivyokokotolewa kutoka usawa wa bahari, yaani cha kilele kutoa cha ardhini, hupungukiwa zaidi, karibu asilimia 8. Zilinganishe kwa shinikizo ghafi zilizoandika. Zikikubaliana hapo, zote mbili ni nzima na tofauti ni ya hesabu tu.

Kimo kinarukaruka

Tazama kinarukaruka wakati gani. Kikitulia kivulini na kuruka relini, ni jua. Kihisi cha shinikizo, hasa MS5611 chenye tundu dogo juu ya kifuniko chake, huathiriwa na mwanga, na jua letu la saa sita linaloingia kupitia tundu la mrija laweza kuongeza au kupunguza mita kadhaa kwa mpigo mmoja. Kata kipande cha sponji nyeusi yenye vinyweleo wazi, ukiegemeze juu ya kihisi bila kukikandamiza wala kukigandisha kwa gundi.

Kikirukaruka injini inapowaka tu, kisha kikatulia, matundu ya hewa yako mahali pabaya: nyuma ya kichwa cha skrubu, karibu na kitufe cha reli, au karibu mno na kiungo cha pua. Yashushe angalau vipenyo vinne vya mrija chini ya kiungo hicho, na usugue kingo za kila tundu kwa msasa mwembamba. Mrija wa karatasi huacha nyuzi ndani ya tundu. Zipake tone la superglu, ziache zikauke, kisha zikate.

Roketi inayokaribia kasi ya sauti ina tatizo la pekee. Wimbi la mgandamizo likipita juu ya matundu, kompyuta huona shinikizo likipanda ghafla na kudhani roketi imeanza kushuka. Programu ikatazwe kufungua chochote kasi iliyokokotolewa ikiwa bado juu ya mita 100 kwa sekunde.

Parachuti ndogo inafunguka kwa kuchelewa

Hapa ndipo roketi nyingi huharibikia, kwa hiyo hesabu yake ifanywe mezani. Hewa ya chumba cha elektroniki inapaswa kutoka upesi kama hewa ya nje inavyopungua. Matundu yakiwa madogo, chumba hubaki na shinikizo la nyuma, na kompyuta hukiona kilele kikiwa kimeshapita. Sekunde 3 za kuchelewa ni kasi ya karibu mita 29 kwa sekunde. Parachuti ikifunguka hapo, kamba hupasua mrija kuanzia mdomoni kwenda chini kwa mstari mmoja ulionyooka. Ukiona mpasuko wa namna hiyo, anza na matundu kabla ya kulaumu kamba.

Kanuni inayotumika ni tundu moja la milimita 6.35 kwa kila sentimita za ujazo 1,640 za chumba. Chumba cha kipenyo cha mm 75 na urefu wa mm 200 kina sentimita za ujazo 884. Kinahitaji eneo la milimita za mraba 17, yaani tundu moja la mm 4.7, au matatu ya mm 2.7, au manne ya mm 2.3. Chagua matatu au manne yaliyopangwa kwa umbali sawa kuzunguka mrija. Tundu moja husoma upepo wa upande mmoja, na mawili hayasawazishi upepo wa kando vizuri. Ukitoboa makubwa kupita kiasi, utaingiza upepo ambao ulitaka kuuepuka.

Matundu yakiwa sahihi na ucheleweshaji ukabaki, angalia kichujio cha programu. Wastani wa vipimo 50 vya kihisi kinachosoma mara 20 kwa sekunde una uzee wa zaidi ya sekunde moja. Punguza hadi vipimo 5, na uamue kilele pale vipimo 5 mfululizo vinaposhuka.

Parachuti kuu inafunguka kileleni

Roketi inasafiri na upepo kilomita kadhaa, nawe unaikimbiza. Kabla ya kurekebisha chochote, uliza rekodi swali moja: je, kompyuta ilitoa amri ya kufungua parachuti kuu?

Kama ilitoa, tafuta ruko la shinikizo sekunde ile ile parachuti ndogo ilipofunguliwa. Utaliona: kimo kinadondoka kutoka mita 900 hadi chini ya 150 kwa kipimo kimoja au viwili, kisha kinarudi. Ni gesi ya baruti iliyopenya kizibo cha plaiwudi na kuingia chumbani. Kompyuta imeamini iko karibu na ardhi, ikatii. Kagua masizi kwenye matundu ya waya na kuzunguka fimbo za nati. Ziba kwa gundi ya epoksi, na matundu ya waya unayoyafungua kila safari yazibe kwa udongo wa kuchezea wa watoto au kwa silikoni. Kisha jaribu: funika matundu ya hewa kwa selotepu, paka povu la sabuni kwenye kila mshono wa nje wa kizibo, puliza ndani kwa mrija mwembamba. Povu likitoa mapovu mapya, bado kunavuja. Kwenye programu, kihisi kisisikilizwe kwa sekunde 1 baada ya kila mlipuko. Hiyo ni kinga ya ziada tu; gesi hiyo huozesha shaba ya bodi, kwa hiyo usiache tundu ukitegemea programu.

Kama haikutoa amri, mwili ulijifungua wenyewe. Sababu ni tatu. Ya kwanza, pua au sehemu ya mbele haikufungwa kwa pini za nailoni, au pini ni chache. Skrubu za nailoni za M2, mbili au tatu, ndizo za kawaida kwa kipenyo hiki. Ya pili ni hewa iliyofungiwa ndani ya sehemu ya parachuti kuu. Kupanda mita 1,000 kutoka Nakuru hupunguza shinikizo la nje kwa hPa 90 hivi. Ndani kukibaki na hewa ya ardhini, pua ya mm 75 inasukumwa na newtoni 40, sawa na mzigo wa kilo 4. Toboa tundu la mm 3 katika kila sehemu ya mrija iliyozibwa. Ya tatu, kamba ya parachuti ndogo ni fupi, kwa hiyo vipande vinafika mwisho wa kamba vikiwa bado na kasi, na mshtuko huo unakata pini. Kamba iwe mara tatu hadi tano ya urefu wa roketi, ikikunjwa kwa mafundo ya gamtepu yanayofunguka moja baada ya jingine.

Baruti imelipuka, mwili haukufunguka

Kisumu, kagua unyevu kwanza. Mrija wa karatasi uliokaa mvua za masika kwenye chumba kisicho na hewa huvimba, na kiungo kilichoteleza vizuri Januari hakitoki Aprili. Kiungo kisafishwe kwa msasa hadi roketi ikishikwa kwa sehemu ya juu itoke yenyewe kwa kutikiswa kidogo, bila pini. Kisha jaribu mlipuko ardhini roketi ikiwa kamili, imelazwa, na parachuti ikiwa imefungwa kama ya kuruka. Jaribio bila parachuti ndani halithibitishi kitu, kwa kuwa ujazo wa hewa si ule ule.

Kompyuta inajizima na kuwaka upya

Katika rekodi, saa inarudi sifuri katikati ya safari. Matokeo yake ni mabaya kuliko sauti yake: kompyuta inaamka mita 700 juu, inachukua P0 mpya hapo hapo, inajiona iko ardhini, na haifungui tena chochote. Wakati wa kujizima ndio unaokupa chanzo.

*Ikijizima injini inapowaka.* Ni mguso wa betri. Betri ya lithiamu ya 18650 ina gramu 46 hivi. Kwa 15 g inasukuma springi yake kwa nguvu ya karibu gramu 700. Springi ikiwa upande wa chini, inabonyea na ncha ya juu inaachana na chuma. Mwanya wa milisekunde chache unatosha. Tumia betri yenye waya uliounganishwa kiwandani, ifunge kwa kanda mbili za plastiki, na usiache kitu chochote kishikwe na springi. Nyaya za bredibodi, zile za kuchomeka bila solda, nazo hazina nafasi ndani ya roketi. Kila kiungo kiwe cha solda au cha skrubu, waya uwe wa nyuzi nyingi, na ufungwe kwenye ubao sentimita 2 kutoka kwenye solda ili usitikisike hapo.

*Ikijizima baruti inapowashwa.* Kiwashio kikishaungua, mara nyingine nyaya zake hubaki zimegusana, na betri inajikuta imeshikanishwa moja kwa moja. Volti zinaanguka. Wengi huongeza kapasita ya mikrofaradi 1000 wakidhani wamemaliza. Fanya hesabu: bodi inayokula miliampea 80, ikiruhusiwa kushuka volti 0.6, inakaa hai kwa milisekunde 7.5. Amri ya kuwasha ni ya sekunde nzima. Kapasita haitoshi. Weka betri mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya viwashio, zikishirikiana waya wa hasi tu.

*Ikijizima ovyo, hata mezani.* Pima volti za mguu wa 3.3 redio inapotuma. Bodi nyingi za ESP32 zina kidhibiti cha AMS1117 kinachokula volti 1.1 hivi kabla ya kutoa chochote. Betri moja ya lithiamu yenye volti 3.7 inabakisha 2.6, na bodi haiwezi kuishi hapo. Tumia betri za seli mbili na kishusha-volti cha 5, au kidhibiti kinachokula kidogo kama AP2112K-3.3. Zima Wi-Fi kabisa. Mivuto yake ya ghafla hufika mamia ya miliampea, nawe huihitaji angani.

Na kwa vyovyote, programu iandike hatua iliyofikia (relini, kupanda, kilele, kushuka) pamoja na P0 kwenye kumbukumbu isiyofutika. Ikiamka na kukuta hatua ni "kushuka", iendelee hapo.

Kiwashio hakikuwaka, au kimewaka mezani

Kilichowaka mezani kwanza, maana ndicho kinachoumiza. ESP32 ikipata umeme, baadhi ya miguu yake hutoa volti kwa muda kabla programu haijaanza: 5, 14 na 15 ni mifano. Usiunganishe baruti huko. Tumia 25, 26, 27, 32 au 33, na kwenye geti ya kila transista weka resista ya kilo-omu 10 kwenda kwenye hasi ili geti isielee. Waya za kiwashio zibaki zimesokotwa pamoja hadi dakika ya kuunganisha, na njia za baruti ziwe na swichi yake inayowashwa roketi ikiwa tayari wima relini. Kiwashio cha injini huingizwa mwisho kabisa. Injini ikikataa kuwaka, kata umeme wa kurushia, subiri sekunde 60, ndipo mtu mmoja asogee.

Kisichowaka huwa na sababu za kupimika. Transista ya IRFZ44N, ambayo maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi na ya mitaani Nakuru huuza kwa wingi, inaanza kufunguka kati ya volti 2 na 4. Kwa volti 3.3 za ESP32, nyingine hufunguka nusu na nyingine hazifunguki. Inafanya kazi kwa rafiki yako, kwako inakataa, na wote mmenunua duka moja. Chukua AO3400A, inayofunguka vizuri hata kwa 2.5.

Betri ya volti 9 ya bei ya chini nayo inadanganya. Multimita inaonyesha 9, lakini ukinzani wake wa ndani ukiwa omu 30 haiwezi kutoa hata ampea 0.3, ilhali kiwashio kinahitaji ampea 0.5 hadi 1. Ipime ikiwa na mzigo: unganisha resista ya omu 2 ya wati 10 kwa sekunde moja, usome volti zinazobaki.

Mlio wa "njia nzima" usikutulize. Jaribio hilo hupitisha mkondo mdogo mno, na kiungo chenye kutu hupita mtihani huo kisha hushindwa mkondo wa kweli. Pima kwa multimita: kiwashio pamoja na nyaya zake kisizidi sana omu 1 hadi 2 za kiwandani.

Kurudisha hitilafu mezani

Hitilafu nyingi kati ya hizi unaweza kuziona bila kuchoma injini. Tafuta chupa ya kioo ya lita moja yenye kifuniko cha chuma, si ya plastiki kwa kuwa inabonyea. Toboa kifuniko, pitisha mrija wa sindano ya mililita 60, ziba kwa epoksi.

1. Weka ubao mzima ndani pamoja na betri. Badala ya viwashio, funga balbu ndogo za tochi. Baruti isiwepo chumbani kabisa.
2. Legeza kwa muda sharti la kihisi cha mwendo, au tikisa chupa wakati wa kuanza.
3. Vuta sindano kwa sekunde 5. Shinikizo la Nakuru linashuka kwa hPa 46 hivi, sawa na kupanda karibu mita 500.
4. Shikilia sekunde moja, kisha rudisha polepole. Balbu ya kwanza iwake mara tu unapoanza kurudisha, na ya pili ukipita kimo ulichoweka.
5. Rudia huku ukishikanisha nyaya za balbu ya kwanza inapowaka. Kompyuta isipozimika hapo, umeme wako ni sawa.

Ukihitaji kupanda juu zaidi, fundi wa friji atakuuzia kompresa kuukuu, ambayo hunyonya hewa vizuri kwa upande wake wa kuingizia.

Rekodi ina mapengo au haipo

Kadi ya SD husimama yenyewe kupanga data zake, mara nyingine kwa zaidi ya milisekunde 100, na programu inayoingoja haisomi kihisi muda huo. Mtikisiko wa kuanguka nao huichomoa kadi kabla faili halijafungwa, na faili lisilofungwa husomeka tupu. Andika kwanza kwenye chipu ya kumbukumbu kama W25Q64. Kwa baiti 32 mara 100 kwa sekunde, megabaiti zake 8 hutosha dakika 43. Ifute nzima kabla ya kuruka. Kufuta sehemu moja angani kwaweza kuchukua milisekunde 45 hadi 400.

Imefunguka vizuri lakini mapezi yamevunjika

Jedwali la parachuti limeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Hewa ya Nakuru ni nyepesi, karibu kilo 0.96 kwa mita ya ujazo badala ya 1.225, kwa hiyo roketi inashuka kwa kasi zaidi kwa asilimia 12 hadi 13. Kisumu ni asilimia 9 hivi. Nguvu ya kugonga inaongezeka kwa zaidi ya robo Nakuru. Parachuti iliyoandikwa mita 5 kwa sekunde itakupa 5.6. Ongeza kipenyo kwa asilimia 13, na hesabu uzito wa roketi baada ya injini kuungua.

Inainama ikitoka relini

Ni kasi ndogo ya kutoka, au upepo. Lenga mita 15 kwa sekunde mwishoni mwa reli, na msukumo wa mwanzo usiopungua mara tano ya uzito. Reli ya mita 1 ni fupi kwa kilo 3; weka ya mita 2.4. Kisumu upepo wa ziwani huamka baada ya adhuhuri na ngurumo hufuata, kwa hiyo maliza kabla ya saa tano asubuhi.

GPS au redio inakatika

Kukatika kwa GPS sekunde za kupanda ni kawaida kwa kipokezi cha NEO-6M. Muhimu ni irudi wakati wa kushuka. Isiporudi, kagua kama antena yake inatazama chini, kama imewekwa chini ya sentimita 5 kutoka antena ya redio, au kama mrija umepakwa rangi yenye unga wa alumini. Subiri ipate setilaiti nje, juani, kabla ya kufunga pua.

Redio ya LoRa (ya masafa marefu) iliyowekwa kwenye SF12, mpangilio wake wa polepole zaidi, inafika mbali, lakini ujumbe wa baiti 20 huchukua sekunde 1.3 hewani. Roketi inayoshuka kwa mita 20 kwa sekunde inakuwa imepita mita 26 kati ya ujumbe na ujumbe. Tumia SF7 au SF8 angani, na programu ihamie SF12 ikishatua. Usiiwashe bila antena, inaua sehemu yake ya kutuma mawimbi.

Mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil humeza mawimbi, hasa majani yakiwa na umande, na roketi iliyolala chini haisikiki mita mia chache tu. Andika eneo la mwisho ililotuma ikiwa bado angani pamoja na kasi na mwelekeo wa upepo, panda mahali pa juu penye kuona shamba, na umwombe mwenye shamba ruhusa kabla ya kuingia. Buzza ya desibeli 90 inayolia kila sekunde 5 baada ya kutua itakuongoza hatua za mwisho, mradi betri ya kompyuta ina uwezo wa kudumu saa 6.